Sufuria Niliyoiharakisha

Nakumbuka siku moja pale Nyarero, nikiwa kijana mwenye haraka, nikimfanyia kazi Mzee Marwa, fundi wa kusubu sufuria. Tulikuwa tunayeyusha alumini chakavu, tunaimimina kwenye kalibu ya mchanga, halafu tunaiacha ipoe. Hapo kwenye kuiacha ndipo nilipokuwa sina subira hata kidogo.

Mzee hakuwepo. Mama Bhoke wa Kerende alikuja kuchukua sufuria ya kupikia harusi ya binti yake, na gari lilikuwa linampigia honi. Nikamwagia kalibu maji. Sufuria ikatoka na ufa mwembamba karibu na mshikio. Nikausugua kwa majivu mpaka usionekane, na mama wa watu akaondoka akinishukuru.

Mzee aliporudi akakuta mchanga umelowa. Hakunipiga, ingawa nilitamani anipige yaishe. Alinipakia kwenye baiskeli mpaka Kerende, akanisimamisha mbele ya Mama Bhoke na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi za harusi.

"Mwambie mwenyewe ulichofanya," akasema.

Nikamwambia, masikio yanawaka kwa aibu. Mama Bhoke aliazima sufuria kwa jirani, na tangu hapo hakununua kwa fundi mwingine ila sisi.

Sasa wewe Ghati, mwanangu, likizo iliyopita ulinionyesha kwenye kompyuta chembe zako za dhahabu unazozichunguza chuoni, ambazo punje ya vumbi mbele yake ni fahali. Zikipoa taratibu, atomu zinatafuta nafasi na kujipanga safu kwa safu mpaka zinakuwa fuwele. Zikipozwa ghafla, zinaganda pale pale zilipo, vurugu tupu. Nilijivuna, jamani! Nikawasimulia hata wauza ng'ombe mnadani kwamba binti yangu anaona kitu nilichokimimina miaka arobaini bila kukiona.

Jana ulinipigia simu kutoka chuoni. Umezipoza chembe mara tano: mara nne zimevurugika, mara moja zimejipanga, na unataka kumpelekea mwalimu wako ile moja tu. Hapana, Ghati, hilo silitaki.

Peleka zote tano. Sema hapa niliharakisha, hapa sijui kwa nini. Wakikucheka, vumilia, kisha rudia na upoze polepole. Siku utakayosimama kueleza kazi yako, mimi na mama yako tutakaa mbele kabisa, na nataka nikupigie makofi bila kuinamisha uso.

Mungu akutulize mkono, mwanangu, akupe jicho la kuona na ujasiri wa kusema ulichokiona. Nenda na baraka zangu zote.