Shikamoo Niliyoiacha Dar

Kilichonitoa Kibaoni si huruma peke yake, nisiwadanganye. Redio ilisema bomu limelipuka Dar, watu wamekufa, wengine wamekatwa na vioo. Mume wangu, baba Kaspari, alikuwa mlinzi wa duka jirani na hapo. Kondakta mmoja ndiye aliyeniletea habari: yu hai, kaumia macho, anauguzwa na mke wake. Mke wake! Na mimi ninayefukuza ndege kwenye mpunga ni nani? Nikafunga mchele na kambale wa kubanika, nikapanda treni.

Njiani, treni ilipopita mbugani, wenzangu walisifu tembo. Mimi sikuona tembo. Niliona mkono wa mtu unamlisha mume wangu uji.

Dar tulifika asubuhi. Mji mzima unafagia vioo, vinalia chini ya viatu kama pumba kavu. Wodini nikamkuta huyo mke mwingine, Zuhura, umri wa binti yangu, kanga nyekundu, kijiko mkononi. Baba Kaspari kafungwa macho yote mawili.

"Shikamoo, dada."

Kwetu shikamoo isiyojibiwa ni kofi. Nikasema, "Uji gani huu, maji matupu?"

"Shikamoo, dada."

"Na sukari je?"

Baba akageuza kichwa. "Nanusa kambale. Mama Kaspari, umekuja kupigana?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mguu juu, akacheka: "Mzee, hili sasa bomu la pili!"

Daktari akasema macho hayatarudi. Basi kazi ya ulinzi imekwisha. Zuhura ana mtoto mchanga na biashara ya maandazi. Mimi nina nyumba na shamba, basi arudi nami Kibaoni. Nimeshinda, nikajisemea. Lakini stesheni Zuhura alimfunga vifungo vya shati taratibu, kimoja kimoja, nami nikaomba treni ipige honi.

Kurudi, baba akataka nimwonyeshe njia kwa maneno. Nikamsimulia miwa ya Kidatu, milima, nyani.

"Zuhura alivaa nini?"

"Nguo."

"Macho sina, masikio ninayo. Nilisikia shikamoo mbili, marahaba sikusikia hata moja. Aliyeoa wawili ni mimi. Yeye kakukosea nini?"

Mpaka Ifakara nikamhesabia stesheni tu. Nilichojifunza safari ile ni kwamba mtu akishakukabidhi macho yake, utamwonyesha hata usichopenda kukiona.

Wakati wa mavuno Zuhura akaja, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, dada."

Barazani baba aliacha kutafuna.

"Marahaba!" nikasema, kwa sauti ya kufika barazani. Nikampa kisu cha kuvunia, nikamgeukia mume wangu. "Kavaa kanga nyekundu. Imempendeza, mshenzi huyu."