Virusi Vilivyochemshiwa Maziwa

Nilirudi nyumbani Bariadi na kisanduku cha barafu, na mama alipouliza kuna nini humo, nikajibu ukweli mtupu. "Virusi," nikasema. Akarudi nyuma mpaka ukutani.

Ilibidi nimweleze upesi kabla jirani hajasikia. Virusi hivi asili yake ni mmea wa tumbaku, havimdhuru binadamu. Huko maabara tumevibadilisha viote vishikizo vidogo vinavyonasa kimelea kimoja tu, kile cha ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe. Tunavipanga juu ya kipande cha kioo, tunadondosha maziwa, tunamulika. Kimelea kikinaswa, mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo hubadilika na mstari kwenye simu yangu hupanda. Kisiponaswa, mstari hulala. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama vimekula.

Leo nacheka, lakini siku ile nilikuwa na hofu. Ng'ombe wake kipenzi, aliyekuja na mahari ya dada yangu, alikuwa ametupa mimba tena. Mama mwenyewe alikuwa na homa ya kuja na kuondoka, viungo vinamuuma, na dawa za malaria alishakunywa mpaka akazichoka. Kama ugonjwa ulikuwa kwa ng'ombe, huenda ulikuwa hata kwake, maana binadamu huupata kwenye maziwa. Hospitali hakutaka kusikia. Homa zake alisema anazijua. Kipimo changu kilikuwa bado cha majaribio, lakini ndicho alichokubali.

Asubuhi akakisalimu kisanduku kwa Kisukuma, "Mwangaluka," ndipo akaniletea maziwa kwenye kikombe chenye maua, kile cha wageni, kimefunikwa kwa sahani. Nikadondosha, nikamulika. Tukainama wote wawili juu ya simu. Mstari ulilala kama mbwa wa mchana. Nikashusha pumzi, nikamkumbatia, nikaanza hata kumsifia ng'ombe.

"Nilijua hayatawasumbua," mama akasema. "Niliyachemsha vizuri."

Nikamwachia. "Mayu, uliyachemsha?"

"Si wametoka mjini hao? Tumbo la mtu wa mjini haliwezi maziwa mabichi. Wewe ukija nakuchemshia, wajukuu wakija nawachemshia. Ningewapa mabichi, wakaharisha kwenye kioo chako?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Moto huharibu umbo la kile ambacho vishikizo hukitafuta. Mama alikuwa ameviandalia virusi vyangu chakula safi kabisa, kisichokuwa na chochote cha kunasa. Kisha nikazikumbuka homa zake.

"Na ya kwako, huwa unayachemsha?"

Akanishangaa. "Mimi ni mgeni hapa?"

Nikachukua kikombe kingine tukaenda zizini, nikakamua mwenyewe. Ng'ombe akanipiga mkia usoni kwa ukamuaji wangu wa kizembe. Tukarudi ndani, nikaweka kipande kipya cha kioo, nikadondosha maziwa yale mabichi. Mstari ukaanza kupanda taratibu, ukaendelea kupanda. Mama akaisogelea simu.

"Sasa wamekula," akasema.

Safari hii hakubishana kuhusu hospitali. Walimpima damu wakaukuta ugonjwa uleule, wakampa dawa za wiki nyingi. Bwana mifugo naye akampima ng'ombe upya kwa kipimo chake, akasema hafai kubaki zizini. Siku anachukuliwa, mama alimsindikiza mpaka barabarani na akarudi analia waziwazi, nami nikalia naye, maana hata mimi nilimpenda yule ng'ombe, mkia wake na yote.

Homa zilikwisha. Mama ana ng'ombe mwingine, aliyepimwa kabla hajaingia zizini, na kikombe chenye maua siku hizi anakitumia yeye. Kila akinywa hunung'unika kuwa maziwa ya kuchemsha hayana ladha, na kila mara huyamaliza.