Otmari Hakuingia Vibaya

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumapili moja ya msimu wa mvua hapa Makambako. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nyundo mkononi, na watu wamejaa uwanjani wakisubiri tuwaonyeshe baiskeli zinavyoruka. Nitakueleza yote. Nivumilie tu nikijisifu njiani, maana ndivyo nilivyozoea. Mdomo wangu ulianza kazi hiyo kabla sijaota ndevu.

Wewe unanijua kama Bosi wa Mbao. Niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa, lakini leo malori yangu yanapanda Lupembe na kushuka, na yadi yangu utaiona hata kama umesinzia kwenye basi. Nimejitengeneza mwenyewe, sikurithi hata jembe. Na kila kijana wa mji huu anayepanda BMX, zile baiskeli ndogo za kuchezea, anayezunguka juu ya tairi la nyuma, anayeruka na kuuzungusha usukani hewani kabla hajatua, atakwambia mchezo huu hapa kwetu niliuanzisha mimi. Anasema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Si kweli. Tulikuwa wawili, na aliyekuwa anajua ni mwenzangu.

Mwenzangu aliitwa Otmari, kijana wa Yakobi kule Njombe, aliyekuja Makambako kupakia mbao kama mimi. Mchezo tuliuona kwenye kibanda cha video, kwenye mkanda usio na jina, Wazungu wanaruka na baiskeli kama watu waliosahau kuwa wana mifupa. Mimi nilipiga makofi. Otmari alitoka nje, akaokota kijiti, akachora chini: hapa tairi, hapa unaweka uzito, hapa unavuta. Baada ya wiki mbili alikuwa anaruka. Mimi ilinichukua miezi, na kila nilichojua nilikipata kwake.

Baiskeli zetu za mtumba alizitengeneza Fundi Shabani, mzee wa Kigoma aliyekuwa na kibanda karibu na stendi. Alituchomelea vyuma vya kukanyagia pembeni mwa tairi, akatutukana tulipovipinda, akavinyoosha tena. Mteremko wa kurukia tuliuita kilima. Tuliujenga kwa mabanzi, yale mapande ya pembeni ya gogo, yenye magamba, ambayo wapasua mbao huyatupa. Na juu ya kilima Fundi alituwekea sheria moja tu: aliyejenga ndiye anayeruka kwanza. Hata akija mfalme, aliyejenga ndiye anayeruka kwanza.

Sasa Jumapili ile kujenga ilikuwa zamu yangu. Otmari alinishauri tusubiri wiki moja, mabanzi yalikuwa mabichi na mazito, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Nikamwambia anaogopa mvua kama kuku. Watu nilikuwa nimeshawatangazia, mwanangu, na mimi nikishatangaza sikubali kurudi nyuma. Nikajenga haraka haraka. Nilipofika banzi la juu kabisa, pale tairi linapoiacha mbao na kwenda hewani, misumari ya inchi nne ikaniishia. Mfukoni nilikuwa na ya inchi mbili. Banzi lenyewe lilikuwa nene karibu inchi mbili. Nikaigongelea hivyo hivyo. Nikalikanyaga kwa mguu, likacheza.

Nililisikia likicheza. Naomba hilo ulishike, maana miaka yote nimejaribu kujidanganya kwamba sikulisikia.

Duka la vifaa lilikuwa wazi, dakika kumi kwenda na kurudi. Lakini watu walishaanza kupiga miluzi. Na mimi nilikuwa naogopa. Basi nikafanya jambo ambalo lilionekana zuri machoni pa kila mtu. Nikainua mkono, nikasema kwa sauti, "Jamani! Leo nampa heshima kaka yangu Otmari. Aanze yeye!"

Otmari akanisogelea. "Si umejenga wewe?"

"Nimejenga mimi. Ndiyo maana nakupa."

"Na sheria ya Fundi?"

"Fundi yuko wapi? Acha maringo, mwanaume. Au umemwona yule dada wa kitenge cha njano, miguu imekwisha?"

Akacheka. Alikuwa na cheko la kuinamisha kichwa, kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitegemea. Akarudi mpaka mwisho wa uwanja, akaja. Nimeshaona warukaji wengi, wengine nimewasafirisha mwenyewe kutoka Mbeya na Iringa waje kutuonyesha, na bado sijamwona aliyekiingia kilima vizuri kuliko Otmari siku ile. Katikati kabisa, mwili umetulia. Banzi likageuka. Tairi la mbele likazama kwenye pengo, naye akaenda mbele bila baiskeli, akaangukia mkono wa kulia.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema. Kabla hajafikiwa na mtu, nilishapaza sauti: "Nilimwambia asije na mbio hizo! Ameingia vibaya!"

Wakambeba kumpeleka hospitali. Ungefikiri nilikwenda nao. Nilibaki. Nilikimbia dukani, nikachukua misumari ya inchi nne, nikalipigilia banzi lile mpaka nyundo ikalia. Kisha nikachukua baiskeli yangu nikaruka. Nikatua salama. Watu wakashangilia, na mmoja akasema maneno niliyokuwa nayataka: "Kilima hakina shida. Ni yule jamaa na mbio zake za bure."

Kuanzia hapo jina la Otmari likawa Mbio-Bure. Mkono ulipona ukiwa umepinda, haunyooki mpaka leo. Alipopita sokoni wapakiaji walimwita, "We Mbio-Bure! Leo umekuja kwa miguu? Punguza mwendo basi, utaangusha nyanya za watu!" Aliuza baiskeli, akarudi Yakobi kulima. Nami nikabaki peke yangu uwanjani, bingwa.

Fundi Shabani hakuwepo Otmari aliporuka, lakini alikuwa njiani kuja, na alinikuta nikigongelea. Kesho yake aliniita kibandani. Hakupandisha sauti.

"Nyundo ya jana ilikuwa ya nini?"

"Kuimarisha tu, Mzee."

"Kilima kibovu kilipaswa kukuvunja wewe uliyekijenga. Sheria ile niliiweka kwa ajili hiyo, ulidhani ni ya sifa? Umechukua woga wako ukamvisha mwenzako, ukauita heshima." Akaendelea kukaza spoku za gurudumu. "Nenda kamwambie. Leo."

"Nitamwambia, Mzee."

Kila aliponiona aliniuliza, "Umemwambia?" Nami nilijibu, bado, nitakwenda, kazi nyingi. Aliniuliza kwa miaka. Siku moja akaacha kuniuliza, nikafurahi sana, nikadhani amesahau. Ameshafariki, Mungu amrehemu, na sasa ndipo ninaelewa kwamba alikuwa amenikatia tamaa.

Mwanangu, ningekaa kimya tu ningekuwa na nafuu. Lakini mimi? Niliifanya ile hadithi kuwa somo. Nilipopata mali niliwajengea vijana uwanja nyuma ya yadi yangu, vilima vya mbao safi iliyokauka, kofia za kuvaa kichwani, kila kitu. Hakuna mji wa jirani wenye uwanja kama ule, uliza popote. Naona nimeanza tena kujisifu. Na kila kikundi kipya kikija nilikiketisha chini, nikawasimulia habari za Mbio-Bure, kijana aliyeponzwa na mwendo kasi. Walicheka pale pale kila mwaka.

Mwaka huu binti mmoja hakucheka. Anaitwa Skola, anajifunza ushonaji hapa mjini, na kwenye baiskeli ana utulivu ambao ulikuwa umenishangaza tangu siku ya kwanza. Wenzake walipoondoka akanifuata.

"Shikamoo, Bosi. Huyo unayemsema ni baba yangu."

Nikaketi chini pale pale.

"Baba hajui kama napanda," akasema. "Alinikataza tangu mdogo. Anasema sisi kwetu hatuna mizani, damu yetu ni ya kuanguka. Naomba tu usiseme tena lile jina mbele yangu."

Nilidhani Otmari alijua. Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa jambo lenyewe. Nilikuwa nimejituliza kwamba lazima alihisi banzi likigeuka, kwamba ananichukia kule kwake, na kwamba kuchukiwa kwangu ndiyo malipo. Kumbe aliniamini! Alikubali kwamba ameingia vibaya, akaamini mpaka akawakataza watoto wake.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Yakobi. Nilimkuta shambani anapanda viazi, anafukia kwa mkono wa kushoto. "Kamwene," nikamsalimia kwa Kibena. "Kamwene," akaitikia, akatabasamu, akataka kuniita nyumbani nikapate chai. Nikamwambia tusimame hapo hapo. Nikasema yote, misumari, mguu wangu ulivyolikanyaga banzi, nyundo baada ya yeye kuondolewa.

Alifukia kiazi kimoja kwanza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo niliingia sawa?"

"Uliingia sawa. Sijaona mtu aliyeingia sawa kama wewe."

"Unajua nimekiruka kile kilima mara ngapi kichwani?" Alikuwa anautazama mkono wake. "Napunguza mwendo. Nahamisha uzito. Nasema labda nilivuta mapema. Miaka yote hii natafuta kosa langu, na silioni, na kwa kuwa silioni nikasema basi kosa ni mimi mwenyewe."

Nikaanza kuomba msamaha. Nikataja na hospitali nzuri, daktari wa mifupa. Akanikatiza. "Ulinisema mbele za watu. Sasa unakuja kuniambia mimi na viazi. Nenda kaseme pale uliponisema."

Jumapili nilisimama uwanjani kwangu nikasema. Baadhi ya vijana walidhani natania. Mmoja aliondoka na baiskeli yake na hajarudi. Skola alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapanda baiskeli akaenda zake kuruka bila kuniangalia. Lakini wale waliocheka zamani wametawanyika, wako Songea, wako Dar es Salaam, wako Makete, na kila mmoja ameondoka na lile jina. Ndiyo maana naandika, mimi ambaye kuandika barua tu kunanitoa jasho. Otmari hajanisamehe. Salamu anaipokea, chai hanikaribishi tena, na ana haki. Ila binti yake alipomweleza mwenyewe kwamba anapanda, alimruhusu.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukiogopa kitu ulichokifanya kwa mkono wako, sema unaogopa, hata kama watu wamejaa na wanapiga miluzi. Watakucheka jioni moja. Usimtangulize mwenzako ukaliita hilo upendo. Na ukishakosa, kamwambie wiki ile ile, kabla hajajifunza kujilaumu, kwa sababu mkono unaweza kuunga ukaendelea na kazi, lakini mtu aliyeaminishwa kwamba yeye ni mbovu anawarithisha watoto wake imani hiyo. Na kama ulimvunjia jina hadharani, usiende kumrudishia chumbani.

Mungu akujalie marafiki wanaojua kuliko wewe, na moyo wa kuwataja. Akupe mzee atakayekuuliza bila kuchoka, nawe umjibu ungali unaulizwa. Na siku miguu yako ikitetemeka mbele ya watu, akupe nguvu ya kushuka kwenye baiskeli na kusema: ndugu zangu, leo bado.