Jasho la Mtungi

Mama alinipigia simu asubuhi nikiwa Pangani kikazi, akidhani ananipa habari njema.

"Mtungi wako watoka jasho leo, mwanangu. Nimeuvika kanga mbichi uzidi kupoa."

Mama amekulia kwenye mtungi wa udongo, na wa udongo ukitoka jasho, maji yake huwa baridi na matamu. Wangu ni wa chuma, ndani mna naitrojeni ya maji, baridi ya kuunguza kidole. Huo ukitoka jasho, jua umeharibika mahali usipopaona na baridi inatoroka. Miaka yote niliyopandisha ng'ombe kwa mirija ya mbegu zilizogandishwa sikuwahi kumweleza. Nilimkataza tu kuugusa, tena kwa ukali, na leo najilaumu.

Humo mlikuwa na mirija minne ya mbegu za dume la Baba. Dume lenyewe lilikufa kwa ndigana, ile homa ya kupe, mwaka juzi. Baba naye kifua kimemlaza, na haja yake imebaki moja: aone ndama wa dume lile kabla hajafumba macho.

Usafiri ulinichelewesha, nikafika nyumbani Nguvumali alasiri. Kanga ilikuwa imekauka. Nilifungua kifuniko, na ule moshi mweupe unaonipanda usoni siku zote haukutoka. Nikazamisha fimbo ya kupimia hadi chini. Ilitoka bila hata chembe ya barafu; naitrojeni yote ilikuwa imekwisha.

Mbegu ikishayeyuka ikakaa, imekufa hata uigandishe tena.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Afadhali umekuja." Alikuwa amejikongoja hadi kwenye kiti mlangoni mwa banda. "Ng'ombe yuko kwenye joto, anataka dume tangu asubuhi. Usimkawize."

Mama alisimama nyuma yake, anatabasamu, akingoja nimsifu kwa ile kanga. Niliogopa. Ningesema, ningewaua wote wawili kwa neno moja. Nikavaa glavu, nikachukua mrija mmoja kati ya ile minne, nikampandisha ng'ombe kwa uangalifu wote niliofundishwa.

Baba alikuwa akihesabu miezi kwa vidole. Alipofika wa tisa akakishika kile kidole, hakukiachia.

"Inshallah nitakuwepo," alisema.

Mama akaniletea kwa kata maji ya mtungi wake wa udongo. Nikayanywa yote, na yalikuwa baridi.