Matanga ya Mpagazi Darasani

Asubuhi nilifundisha watoto, na saa kumi jioni nikawafundisha babu zao. Ndivyo tulivyoishi walimu wengi wa Kariakoo miaka ile ya Ujamaa, kisomo cha watu wazima kilipoingia kila mahali, hata kwenye maghala na gereji. Chumba changu kilikuwa cha darasa la pili, mtaa mmoja nyuma ya soko, na madawati yalikuwa yaleyale ya watoto. Mtu mzima akikaa, magoti yalikaribia kidevu. Wengi walikuja moja kwa moja kutoka kwenye biashara zao, na ningeweza kuita mahudhurio nikiwa nimefumba macho, kwa harufu tu: huyu dagaa, huyu vitunguu, huyu mafuta ya cherehani.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, nimetoka Kilimanjaro juzijuzi, na kuhusu desturi za watu wa huku sikujua lolote. Nalisema mapema kwa sababu makosa yangu yote mawili katika habari hii yalitokana na hilo.

Dawati la mbele walikaa wanafunzi wangu wakongwe kuliko wote. Mmoja alikuwa mzee muuza nazi, Mzaramo, aliyekuja kwa miguu kutoka Magomeni. Mwingine alikuwa bibi muuza tumbaku, Mnyamwezi, mwenye meza yake ndogo kwenye kona ya soko. Siku ya kwanza kabisa, kabla sijaandika herufi hata moja ubaoni, mzee alinyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu bibi usijisumbue naye. Babu yake alipofika pwani aliona bahari, akauliza nani kamwaga maji."

"Na babu yako alikuwa wapi?" bibi akajibu bila kugeuza shingo. "Alikuwa kalala chini ya mnazi, mdomo wazi, anasubiri nazi ijichume, ijifue, ijikune, halafu imwingie."

Nilishtuka. Nikamhamishia bibi nyuma, karibu na dirisha, kisha nikalihutubia darasa kwa muda mrefu juu ya umoja wa taifa. Kwa siku tatu darasa lilikuwa baridi kabisa. Siku ya nne mzee alinisubiri mlangoni, kofia mkononi, akaniuliza amenikosea nini. Hajaondoka vizuri, bibi naye akafika. "Mwalimu, umenitenga na mtani wangu. Sasa mimi nitamtukana nani?"

Fundi cherehani mmoja, mtu wa maneno mengi, ndiye aliyenionea huruma. "Hawa hawagombani, Mwalimu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Wanatukanana maisha yote, na mmoja akifa, mtani wake ndiye anayeshika msiba."

"Kwa matusi?"

"Kwa matusi hayohayo. Anamwigiza marehemu, analala kaburini anakataa kutoka mpaka wafiwa wampe kitu. Watu wanalia, watu wanacheka, halafu wanarudi nyumbani. Mtani asipofanya hivyo, msiba unabaki wazi."

Nikamrudisha bibi mbele. Kosa la kwanza likaisha.

Kosa la pili lilikuwa kwenye daftari la mzee. Alijifunza kuandika polepole, herufi zake zikiegemea upande kama zimechoka, lakini ukurasa wa mwisho wa daftari aliujaza jina moja tu, mstari baada ya mstari, na halikuwa lake. Nilidhani hajui jina lake linavyoandikwa. Nikaweka alama ya kosa kwa wino mwekundu, na pembeni nikaandika: "Mzee, jina lako si hili. Jaribu tena, utaweza." Alisoma, akanishukuru, akaendelea kuliandika lilelile.

Mwaka wa pili tukafika kwenye kijitabu cha historia, na humo kulikuwa na kurasa mbili za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Taarifa ikaja kwamba mkaguzi atatembelea darasa Alhamisi ijayo. Nikaamua somo hilo wanafunzi walishike barabara, na kwa kuwa napenda kueleza jambo kwa vitu vilivyo karibu, nikalijenga kwa soko.

"Tuseme Austria ni muuza ndizi," nilisema. "Mwanawe, yule atakayerithi meza, amekwenda matembezi, na kijana wa upande wa muuza mchicha akampiga risasi. Muuza mchicha ni Serbia."

"Mimi?" akaruka mama muuza mchicha kutoka dawati la tatu. "Mwalimu, mimi sijampiga mtu risasi!"

"Si wewe, mama, ni mfano. Sasa muuza ndizi ana rafiki yake, muuza nyama, Mjerumani, aliyemwahidi kwamba anayekugusa wewe kanigusa mimi. Lakini muuza mchicha naye ana rafiki, muuza mchele, Mrusi. Na muuza mchele ana rafiki, muuza mafuta, Mfaransa. Muuza nyama anataka kumuwahi muuza mafuta, na njia ya mkato inapita juu ya meza ya muuza pilipili, nchi ndogo ya katikati yao, ambaye hana ugomvi na mtu. Hapo mwenye duka la nguo, Mwingereza, anatoka na fimbo, kwa sababu aliahidi kumlinda muuza pilipili."

"Kwa kumpenda?" fundi akauliza.

Lilikuwa swali zuri, nikamsifu. Nikaeleza kwamba chini ya ahadi hizo kulikuwa na wivu wa siku nyingi. Kila mmoja alitaka meza kubwa kuliko mwenzake, na kwa miaka walikuwa wakinunua mapanga mapya. Mtu mwenye panga jipya hutafuta kitu cha kukata.

Darasa lilielewa mno. Kabla sijafuta ubao, upande wa mchicha ulikuwa hausemezani na upande wa ndizi, na mtu wa dagaa alikuwa anatafuta upande wa kujiunga nao. Fundi peke yake hakuridhika.

"Mwalimu, subiri. Mtoto wa muuza ndizi kafia huko Ulaya. Mimi fundi cherehani wa Kariakoo nakufaje?"

Nikafungua mdomo nieleze makoloni. Mzee muuza nazi akanitangulia.

"Kwa kichwa," alisema. "Unakufa kwa kichwa. Wanakuwekea mzigo juu yake."

Hatukujua kama alikuwemo katika vita hivyo. Sote tuligeuka, na bibi akapata nafasi yake. "Mzaramo abebe mzigo! Vita hivyo vilikuwa vikali kweli."

"Nilibeba beseni," mzee akasema. "Beseni la kuogea la bwana mkubwa wa Kijerumani, la bati, mtu mzima anaingia mzima. Waingereza walipotushinda, mimi na beseni tulitekwa pamoja. Wakatuleta kambini, hapahapa wanapojenga soko jipya. Siku ya tatu akaja bwana mkubwa wa Kiingereza, akalipenda beseni. Nikalibeba tena. Mzigo ulikuwa uleule, aliyebadilika ni anayenitukana."

Darasa lilicheka mpaka vumbi la chaki likapanda. Nami nikaongeza kutoka kijitabuni kwamba vita vilipokwisha Ulaya, huku viliendelea siku kadhaa kwa sababu habari zilichelewa kufika.

"Siku hizo nilibeba beseni bure," mzee akasema. Kisha akaweka mikono juu ya dawati. "Nyuma yangu kwenye msafara alikuwa mtani wangu, Mnyamwezi. Yeye alibeba sanduku la risasi. Kila asubuhi nikijitwika, alipiga kelele: 'Mzaramo kapata mtumbwi! Panda tuvuke!' Kila asubuhi ya Mungu. Tulipovuka Rufiji mvua ilikuwa haikatiki, chakula hakuna, watu wanahara damu. Risasi zilichukua wachache. Tumbo ndilo lililotumaliza. Akaanguka asubuhi moja, hajasema utani wake bado. Msimamizi akachukua lile sanduku akampa mwingine. Hatukuruhusiwa kusimama. Nilimfunika majani mawili ya mgomba nikapita. Sikuchimba. Sikumtania. Nilipita kimya kama mtu asiyemjua."

Ndipo nilipokumbuka lile jina kwenye ukurasa wa mwisho, na wino wangu mwekundu juu yake.

"Nimewatafuta watu wake," mzee aliendelea. "Nilikwenda Tabora kwa treni mara mbili. Sikuwapata. Sasa kifua changu kimechoka, naogopa nitamkuta huko aniulize, mtani, ulikuwa wapi nilipokufa?"

Bibi muuza tumbaku akageuza shingo, akamtazama. Sauti yake ilikuwa ya ukali mtupu.

"Kwa hiyo ulimtupa ndugu yangu porini bila hata tusi moja?"

"Nilimtupa, mtani."

"Mimi ni dada yake tangu leo. Matanga ni Alhamisi, hapa."

"Bibi," nikasema, "Alhamisi anakuja mkaguzi."

"Aje. Msibani hafukuzwi mtu."

Nilijaribu siku mbili nzima kuihamisha shughuli hiyo iwe Ijumaa. Niliambiwa kwamba marehemu amesubiri zaidi ya miaka hamsini, mkaguzi ndiye wa kusubiri. Alhamisi nilipofika, madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani, mikeka imetandikwa, na bibi amekaa katikati amejifunga kaniki. Muuza mchicha na muuza ndizi walikuwa wanagawa kahawa pamoja, amani imerudi. Mzee hayupo. Saa kumi ikapita. Bibi alianza kutazama mlango. Mimi pia, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo sikuwa namfikiria mkaguzi.

Kisha tukasikia nje mtu anakohoa na kunung'unika kwa lafudhi ya Kinyamwezi. Mzee aliingia akiwa na kreti la sabuni kichwani, mguu mmoja anauburuza, mdomo ameuvuta upande. Hakuwa yeye. Alikuwa kijana wa Kinyamwezi mwenye miaka ishirini, na sijui niseme vipi ila hivyo.

"Mzaramo!" akapiga kelele kwa ile sauti ngeni. "Mzaramo kapata mtumbwi! Panda tuvuke!"

Bibi aliyetakiwa kulia akaanguka kwa kicheko, halafu kicheko kikageuka katikati, na akalia kweli. Mzee akatua kreti, akajilaza chali kwenye kizingiti cha mlango, mikono kifuani.

"Hapa ndipo kaburini. Sitoki. Wafiwa watoe kitu!"

Bibi akamtupia ugoro kidogo.

"Huo unainua mguu mmoja tu. Wafiwa wachoyo! Ndiyo maana marehemu alikimbilia vitani!"

Wakati huohuo mkaguzi akatokea mlangoni, faili kwapani, suti ya mikono mifupi yenye mifuko minne, akasimama juu ya mwanafunzi wangu.

"Mwalimu, huyu mzee anaumwa?"

"Hapana, ndugu mkaguzi. Amekufa." Nikaona uso wake, nikajirekebisha. "Yaani, aliyekufa ni mwingine. Yeye yumo tu kaburini mwake."

Nikamweleza kwa utaratibu, kama ninavyowaeleza watoto: sababu za vita, muuza ndizi, beseni, Rufiji, utani. Mzee alisaidia kutoka chini pale nilipokosea. Mkaguzi alisikiliza yote bila kupepesa macho, kisha akauliza sasa yeye ataingiaje.

"Toa kitu, ndugu mkaguzi," fundi akasema. "Sote tunakusubiri wewe."

Alijipapasa mifuko yote minne. Katika ule wa mwisho alikuwa na kalamu nzuri ya wino, yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu. Aliitazama, akamtazama mzee, akainama akampa.

Tulimwinua mzee watu wawili. Alifuta vumbi, akaja mezani kwangu, akafungua rejista ya mahudhurio bila kuniomba ruhusa. Chini ya jina la mwisho, kwa kalamu ya mkaguzi, aliandika lile jina ambalo mimi nililiwekea alama ya kosa. Ilimchukua muda mrefu. Hakuna aliyekunywa kahawa mpaka alipomaliza.

"Mwalimu, sahihi?"

"Sahihi, mzee. Tangu siku ya kwanza lilikuwa sahihi."

Bibi akajisogeza, akainamia rejista, akatazama kwa makini sana.

"Mzaramo bwana!" akasema. "Hata akiandika, herufi zinalala."

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka akikohoa, akapigwa mgongoni, akacheka tena, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua kitu kizito na kukuta shingo bado inageuka.

Mkaguzi alikunywa kahawa vikombe viwili, akauliza maswali matatu juu ya sababu za vita, akajibiwa yote na muuza mchicha. Mwisho akatoa fomu yake ajaze, akanyoosha mkono kwa mzee.

"Baba, naomba kalamu yangu mara moja."

Mzee akaitia kalamu mfuko wa ndani wa kanzu. "Kitu cha kaburini hakirudi, mwanangu."

Ikabidi aniombe penseli. Kwenye fomu, palipoulizwa wanafunzi waliohudhuria siku hiyo, aliandika thelathini na wawili. Walio hai walikuwa thelathini na mmoja.