Ukingo wa Kikwangulio cha Nta

Mtu ambaye hajawahi kukwangua nta kwenye kitambaa hajui raha yake, na mimi nasema bila haya kwamba hakuna kazi niliyoipenda ujanani kama hiyo. Unatandaza mezani batiki iliyokauka, unashika kibati cha chuma cha ukubwa wa kiganja, unakisimamisha na kukisukuma. Kikiwa na makali yanayotakiwa, nta inajikunja mbele yake kama maganda ya penseli, na rangi inajitokeza chini. Kikiwa butu kinateleza tu na kuipakaza nta upya, nawe unakandamiza kwa hasira mpaka mkono unakufa ganzi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, Singida mjini. Sisi tuliozoea kupanga foleni kwa ajili ya khanga moja tuliona maduka yamejaa vitambaa vya nje, na kila msichana anataka satini inayong'aa. Mimi nikajifunza batiki kwenye semina ya akina mama, wiki mbili tu, nikarudi nyumbani najiona bingwa. Nta niliiagiza Itigi kwa warina asali. Ilikuja na basi, mabonge ya njano ndani ya kiroba, na nyumba nzima ikanukia asali. Kikwangulio alinikatia seremala wa mtaani kutoka kwenye msumeno wake uliozeeka.

Siri yote ilikuwa kwenye ukingo. Haukunolewa kama kisu. Nililaza tupa bapa mezani, nikasimamisha kibati juu yake wima kama ukuta, nikakisukuma mara kumi bila kukiinamisha, mpaka ukingo ukawa bapa na pembe zake mbili kali. Kisha nilisugua mbavu zake kwa msasa laini, maana kijinywele kimoja tu cha chuma kikibaki kitanasa uzi. Nilijaribu kwenye ukucha wa dole gumba. Kikitoa unga mweupe, kazi ianze. Habari hii niliieleza kila siku, na nyumbani walishanichoka.

Dada yangu mkubwa alikuwa anaolewa. Sherehe za sendofu, za kumuaga bibi harusi, ndiyo kwanza zilikuwa zimeingia mjini kwetu, na yeye alishanunua satini ya bluu. Nilimbembeleza avae batiki yangu siku hiyo, Jumamosi, mbele ya watu wote.

"Nitaiangalia Alhamisi," alisema. "Ikiwa nzuri nitaivaa. Ikiwa ya kubahatisha, satini yangu ipo, na tusilaumiane."

Nilitaka aivae kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilichora ua moja kubwa katikati ya kitambaa, na petali zake nikazisambaza pande zote. Nilipokitoa kwenye rangi ya zambarau nilicheka peke yangu uani.

Jumatano, kitambaa kikiwa kwenye kamba, alikuja bibi jirani yetu, Mnyaturu mtu mzima aliyenilea nusu ya utoto wangu. Alikuwa ameunguza makongoro ya ng'ombe motoni na alitaka kitu cha kuyakwangulia manyoya.

"Nipe hicho kibati chako, mjukuu wangu. Nitakirudisha kesho."

Angeomba mtu mwingine ningekataa. Nilimpa.

Na pale kwetu kulikuwa na adabu moja ambayo hakuna aliyehitaji kufundishwa: ukiazima panga, kisu au shoka, hukirudishi butu. Unakipeleka kwenye jiwe, unakinoa, ndipo unakwenda kushukuru. Mawe yamejaa Singida, kila uwanja una lake, na la bibi lilishalika katikati kwa miaka ya mapanga. Alhamisi asubuhi nilikuta kikwangulio changu kizingitini, kimeoshwa na kufungwa kwenye kitambaa safi. Nilifurahi. Nilikuwa na haraka, dada angefika adhuhuri, na mimi niliyewachosha watu kwa habari za ukucha siku hiyo sikukijaribu kwenye ukucha.

Nilianzia kwenye ua, penye nta nzito. Nilisukuma mara moja. Nta haikujikunja. Nilisikia sauti ya kitambaa kinachochanika, na mkono ukaenda mbele wenyewe. Nilipokinyanyua kibati, ua langu lilikuwa na mpasuko wa shubiri na nusu katikati kabisa.

Nilikigeuza kwenye mwanga. Bibi alikuwa amekinoa upande mmoja, kwa mshazari, kikawa wembe.

Niliwaka. Nilivaa kandambili na kufika nusu ya uwanja nikiwa na maneno yote tayari. Bibi alikuwa mlangoni kwake, na kabla sijafungua kinywa alinyanyua mkono.

"Umeyaona makali? Nimekaa nayo jioni nzima."

Uso wake ulikuwa umejaa furaha. "Shikamoo, bibi," nikasema. "Asante." Nikarudi ndani kulia.

Lakini sikukaa na kilio muda mrefu, sina subira hata kwa huzuni. Nilichukua tupa, nikasimamisha kibati wima, nikausaga ule wembe wote mpaka ukingo ukarudi bapa. Msasa. Ukucha. Unga mweupe. Nikakwangua kitambaa chote kukizunguka kidonda, kwa moyo wa kukomoa, na petali zikajitokeza moja baada ya nyingine. Zilikuwa nzuri jamani. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Dada aliingia, akasimama mezani. Aliuona mpasuko, akauingiza vidole. Mimi nilitazama sakafu nikingoja aitaje satini.

Alikinyanyua kitambaa kikiwa bado kigumu kwa nta kama ngozi kavu, akapitisha kichwa kwenye ule mpasuko, akakivuta chini. Ua lilimkaa shingoni pande zote, petali mabegani. Alijitazama kwenye kioo cha kabati, akageuka, akajitazama tena.

"Haijachemshwa," nilimwambia. "Bado ina mabaki ya nta. Dada, subiri."

Alishatokea barazani, kwa mama na wageni waliokuwa wanachambua mchele, na bibi kati yao. Bibi alimsogelea, akaishika ile shingo ya nguo kwa vidole viwili.

"Nani kakukatia safi namna hii?"

Nilifungua mdomo. Dada alinikanyaga mguu.

"Mdogo wangu," aliwaambia wote. "Na Jumamosi navaa hii."