Siku Nilipoingia Kanisani na Kitambulisho cha Mdogo Wangu

Wacheni niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa soko la Kikima, kwa sababu wao wakisimulia wanaongeza chumvi, wanasema ati nilikimbia nikajificha kwenye shamba la maparachichi, na hiyo si kweli, sikukimbia mahali (siku hiyo nilikuwa nimevaa viatu vya visigino virefu, ningekimbia vipi?). Lakini hayo mengine yote wanayosema ni kweli, na mpaka leo nikipita pale sokoni huwa naangalia chini kama mtu aliyeangusha sindano.

Mnakumbuka ule wakati wa korona, makanisa yamefungwa, tunamsikiliza pasta kwa redio Jumapili baada ya Jumapili, halafu serikali ikasema haya, fungueni, lakini pole pole: ibada ya saa moja tu, watu mia moja tu, watoto wabaki nyumbani, na yeyote aliyepita miaka hamsini na minane naye abaki nyumbani. Nilikuwa jikoni nachambua maharagwe. Nikaacha kuchambua. Mimi nilikuwa na miaka sitini, sitini kamili, na pale kanisani watu hawakujua, kwa sababu tangu kifungua mimba wangu aolewe nilikuwa nimesimama hapo hamsini na tano, mwaka ukipita naupungia mkono unaenda bila mimi.

Sasa mtasema, si ungekaa tu nyumbani Ndinda, Mungu yuko kila mahali. Ni kweli, Mungu yuko kila mahali, lakini kuanzisha nyimbo za kwaya kuko mahali pamoja, na hapo mahali palikuwa pangu kwa miaka mingi. Wiki hiyo hiyo nikasikia kwamba mimi nikikosa ataanzisha Kalunde, mke wa fundi cherehani. Ni mtu mzuri, simsemi vibaya, ila Kalunde huanzisha wimbo juu sana mpaka kwaya nzima inabaki chini ikimtazama kama mtu aliyepanda mti akashindwa kushuka.

Ndipo nikamkumbuka mdogo wangu Mwikali. Mwikali alikuwa na miaka hamsini na minne na hoteli ndogo pale sokoni, chai, chapati na maharagwe, na kanisani hakuwa amekanyaga tangu agombane na akina mama kuhusu sufuria za harusi (hiyo ni hadithi nyingine na ina watu wengi). Tunafanana. Paji la uso moja, macho ya marehemu mama, ukitufunika kutoka puani kwenda chini hata mama mwenyewe angeuliza huyu ni yupi. Na mwaka huo nchi nzima ilikuwa imefunikwa kutoka puani kwenda chini.

Jumamosi nikaenda kwake. "Mwikali, nipe kitambulisho chako."

"Cha nini?"

"Kwa chifu wanaandikisha watu wa mbegu za msaada. Nitakuandikisha."

Akapangusa mikono yenye unga, akakitoa kwenye mkoba, akanipa kwa mikono miwili. "Asante dada. Wewe tu ndiye hunikumbuka." Hayo maneno yalinichoma kidogo, lakini si vya kutosha.

Jumapili getini walikuwa wamemweka mhudumu wa afya kutoka upande wa mji wa Wote, mama ambaye hakuna aliyemjua wala yeye hakumjua mtu, ati ndiyo asimpendelee yeyote. Pembeni ya ua, kwa nje, wazee walikuwa wamekuja na viti vyao ili wasikilize ibada kupitia madirisha, na kati yao alikuwa Mama Kyalo, ambaye nilisoma naye kutoka darasa la kwanza. Akaniona kwenye foleni. "Ndinda! Si mimi na wewe tulifanya mtihani wa darasa la saba pamoja?"

"Mimi nilirukishwa madarasa," nikamwambia, nikasonga mbele.

Yule mhudumu akaangalia kitambulisho, akaniangalia macho. "Mwikali?"

"Ndiyo."

"Miaka?"

"Hamsini na minne." Nilijibu haraka na kwa raha kabisa, kwa sababu kupunguza miaka nilikuwa nimezoea. Akanielekezea ile bunduki ya kupima joto kwenye paji la uso, akaandika jina, nambari ya kitambulisho, na alipoomba simu nikampa ya Mwikali, na kazi nikasema nina hoteli sokoni. Nilionelea uongo wote ukae nyumba moja, usije ukapotea njiani.

Basi nikaimba. Jamani, niliimba! Sheria ilikuwa tuimbe tukiwa na barakoa, lakini kila nikivuta pumzi kile kitambaa kinaingia mdomoni, na tulipofika kwenye ubeti wa mwisho, ule wa kupanda, nikaishusha mpaka kidevuni, kidogo tu, nikamsogelea Musyoki mpiga kinanda na kumgusa bega ili apandishe. Musyoki akapandisha. Halafu akakohoa mara mbili. Mimi hata sikusikia, nilikuwa namtazama Kalunde aone vile wimbo huanzishwa na vile humalizwa.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya Mwikali kufungua hoteli. Ilikuwa imefungwa miezi, akahangaika kupeleka wafanyakazi wake wawili kupimwa, akaweka mtungi wa maji na sabuni mlangoni, akapunguza meza, na hatimaye watu wa kaunti wakamwambia sasa fungua. Akaniomba nije niombee kazi yake. Nikaja asubuhi na mapema na vile viatu, nikakaa jikoni kwake nikionja chai, nikaonja na chapati, na saa nne watu walipojaa (mmoja kwa kila meza, lakini walijaa) nikasimama katikati nikafunga macho. Maombi yangu ni marefu, mnajua. Nilikuwa ndiyo nimefika kwa mababu waliolima milima ya Mbooni niliposikia gari linasimama nje, kisha kiti kinaanguka, kisha mtu anasema "Aiya!"

Nikafungua jicho moja. Mlangoni kulikuwa na watu watatu wamevaa nguo nyeupe za kufunika mwili mzima kutoka kichwani mpaka viatuni. Wateja wakatoka. Sijui walitokea wapi kwa sababu mlango ulikuwa mmoja na hao watu walikuwa wamesimama hapo, ila nilimwona mzee mmoja akipita dirishani na chapati yake.

"Tunamtafuta Mwikali, mwenye hoteli," mmoja akasema. Alikuwa afisa wa afya, sauti yake ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya debe.

"Ni mimi," Mwikali akajibu.

"Mama, Jumapili uliimba kanisani bila barakoa karibu na mpiga kinanda. Amelazwa, ana homa na kikohozi. Wewe ndiye ulimkaribia zaidi. Utaenda karantini siku kumi na nne."

Mwikali akacheka. Alicheka kwa moyo wote, maskini, akishika meza. "Kanisani? Mimi?"

"Mhudumu wa getini alikuona ukiimba, na jina lako liko kwa rejista yake, na nambari ya kitambulisho, na simu."

"Hebu piga hiyo simu basi tuone ni ya nani!"

Afisa akapiga. Ikalia ndani ya aproni ya Mwikali.

Mnajua mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nimefunga macho tena. Nilikuwa naendelea kuomba, pole pole, kama mtu asiye na haraka, maana nilijua siku nitakaposema amina nitalazimika kumtazama mtu. Lakini yule mzee wa chapati, akiwa nje ya dirisha, akasema, "Daktari, huyu mama hata wimbo wa taifa haimbi. Anayeimba ni huyo anayeomba."

Nikafungua macho. Mwikali alikuwa ananitazama, na kicheko kilikuwa kinamtoka usoni kidogo kidogo.

"Dada," akasema. "Mbegu ziko wapi?"

Nikafungua mkoba, nikatoa kitambulisho chake, nikakiweka juu ya meza kando ya chai ya mteja aliyekimbia.

Afisa akageuza karatasi. "Kwa hivyo ni wewe ulikuwa kanisani. Una miaka mingapi, mama?" Nje soko lote lilikuwa limesimama. Nikasema kwa sauti ya chini. "Sijasikia, mama. Toa sauti. Si wewe ndiye huimba?"

"Sitini!"

Na kutoka huko nyuma ya umati, sauti ya Mama Kyalo: "Kumbe hukurukishwa!"

Walitubeba sote wawili. Mimi kwa sababu niliimba, Mwikali kwa sababu nilikuwa nimekaa jikoni kwake tangu asubuhi nikionja kila kitu. Hoteli ikapuliziwa dawa, ikafungwa kufuli, na maharagwe yakiwa bado mekoni. Tukapelekwa kwenye bweni la shule ya wasichana, kwa vile shule zilikuwa bado hazijafunguliwa, vitanda vya ghorofa, na nilipoingia nikakuta nusu ya kwaya imefika, na kitanda nilichopewa kilikuwa cha chini, juu yake yuko Kalunde. Hakunisema. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kama nina blanketi ya kutosha, na hiyo iliniumiza kuliko kusemwa.

Mwikali hakuniongelesha siku tano. Siku ya sita tulikuwa tunaanika nguo kwenye waya, akaanza kulia, akasema wale wafanyakazi wake amewarudisha nyumbani mara ya pili, na wateja sasa watasema hoteli yake ina ugonjwa. "Ungeniambia tu ukweli," akasema.

"Ningekuambia ungenipa kitambulisho?"

Akafikiria. "La. Ningekukatalia. Lakini ungekuwa umeniambia."

Nikamwomba msamaha hapo hapo kwenye nguo mbichi. Alinipa upande mmoja wa shuka tulikamue pamoja.

Matokeo yalipotoka hakuna aliyekuwa na korona, hata Musyoki mwenyewe ilikuwa nimonia na akapona. Tulirudi. Kwa mwezi mzima wateja walipita hoteli ya Mwikali wakizunguka mbali, kwa hivyo nilikuwa naenda kila siku, naosha sufuria, halafu nakaa pale mlangoni nakunywa chai mahali pa kuonekana, ili watu waone nimekunywa na sijafa. Wakarudi, mmoja mmoja. Na Jumapili nilibeba kiti changu nikakaa nje ya ua na wenzangu wa miaka yangu, namsikiliza Kalunde akipanda, na nikafunga mdomo mpaka serikali ilipotuondolea ile sheria.

Nimeapa sitajipunguzia hata mwezi mmoja tena, mtu akiniuliza miaka namjibu hata kabla hajamaliza swali. Lakini Mwikali bado haniamini. Ananisamehe, tunacheka, tunakula pamoja, ila tangu siku hiyo hajaniazima kitu chochote. Hata nikituma mtu kwake aniombee kiberiti, anakuja nacho mwenyewe, ananiwashia jiko, halafu anarudi nacho kwake.